Migongo Kumi

Golikipa huijua timu yake kwa migongo.
Kumi, na bado naikumbuka:
wa Gwimo umeinama kidogo, ndoo za mawese,
wa Ntahondi una kiraka cha kitenge cha mama yake,
na wa yule aliyevuka ziwa na ndugu zake
hauna namba,
una chumvi tu ya jasho, ramani
ya nchi ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kiwanja chetu Mwandiga kilikuwa mteremko.
Magoli ya miti ya mchikichi, wavu hakuna,
na nyuma yangu bonde.
Kila bao nililofungwa nililifuata kwa miguu
mpaka kijitoni, matopeni,
na nilipopanda na mpira nilipanda na matusi.

Nilikuwa na mdomo.
Niliurithi, kama wengine wanavyorithi baiskeli.
"Gwimo, miguu ya kukopa!"
"Ntahondi, kalale!"
Yule mgeni sikumpa hata tusi la maana.
Nilimwita "we."

Kocha Nyanzobe aliuza dagaa asubuhi;
jioni harufu yake ilifika kabla ya filimbi.
Siku hiyo watoto wa Kiganza walitupiga manne.
Alinisimamisha kwenye mstari wa majivu.
"Wale wanaona nini?"
Wanaona mbele, nikasema.
"Na nyuma yao?"
Nikanyamaza.
"Nyuma yao wana wewe tu.
Sasa wewe unayeona kiwanja chote
umewekwa hapo kuhesabu makosa?
Alichokosea anakijua, kiko mguuni kwake.
Mwambie asichokiona."

Akaweka sheria, ngumu kuliko mbio za mlimani:
wiki nzima, neno lolote litokalo golini
lianze na jina, liishie na mahali.
Gwimo, kushoto.
Ntahondi, nyuma yako.
Nikikosea, nashuka bondeni na ndoo
kuwaletea wote maji.
Siku ya kwanza nilishuka mara saba.
Walikunywa mpaka matumbo yakapiga ngoma.

Siku ya pili mpira ulimfikia asiye na namba,
na mtu anamjia kisogoni, mbio kama pikipiki.
Nikafungua mdomo.
Jina sina.
Wiki tatu tumekula muhogo sufuria moja
na jina sina.
Akapigwa ngwala, akaburuzika kwenye changarawe,
na lile "we" likanikwama kooni
kama mwiba wa mgebuka.

Niliacha goli wazi. Nikavuka kiwanja, nikachuchumaa.
Goti lake lilikuwa limefunguka.
"Unaitwa nani?"
Aliniangalia kama mtu aliyejiwa na mdai.
"Wilonja." Kisha, kwa Kiswahili cha kwao:
"Na weye, jina yako nani?"
Kumbe naye hakuwa nalo.

Nyumbani sheria ile haikufika mbali.
Baba aliendelea kumhesabia mama:
chumvi, mkaa, mlango ulioachwa wazi.
Nilikaa kizingitini nikitafuta
neno la kuanzia.
Baba yangu ana jina. Sikuthubutu.

Usidhani tulianza kushinda.
Kiganza walirudi, wakatufunga mawili,
la pili dakika ya mwisho, kati ya miguu yangu,
na mpira ukateremka zake kama kawaida.
Nikaufuata, kichwa chini, mdomo umefungwa,
giza limeshaingia bondeni kabla ya kwingine.
Sikuwahi kuwa na mtu nyuma yangu.
Nikasikia hatua, moja nzito, moja ya kuburuta,
kisha sauti, taratibu,
kama anayesoma maandishi kwa mara ya kwanza:

"Bitaliho.
Matope.
Kulia kwako."